Kilima Fulani

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu Valeriani, mwandikie "inasadikika". Atalikata neno hilo kwa kalamu nyekundu, atakutazama juu ya miwani, halafu atakuuliza: "Inasadikika na nani? Na shangazi yako?" Miaka thelathini alifundisha Kiswahili shule za msingi. Alipostaafu, wenzake walikwenda kulima mahindi Kasekese, yeye akapanga chumba kimoja pale Ilembo, mjini Mpanda, akatafuta mashine ya kuchapia iliyochoka kuliko yeye mwenyewe, akaanzisha gazeti. Akaliita Miombo. Kurasa nne, kila Ijumaa. Sisi wa Mpanda tulimcheka sana. Nani atasoma gazeti wakati redio ipo na simu zimo mikononi? Lakini tulilinunua, kwanza kwa kumwonea huruma mzee wa watu, halafu kwa mazoea, mwisho tukawa tunagombania dukani nani aanze kulisoma.

Mpangilio wake haukubadilika hata siku moja. Ukurasa wa kwanza ni habari. Wa pili ni safu ya "Ya Kale", ya Dokta Josephina. Wa tatu ni matangazo: vifo, minada, zabuni, mbuzi aliyepotea. Wa nne ni mpira na barua za wasomaji. Ushikeni vizuri mpangilio huo, maana ndio uliotuponza.

Dokta Josephina ni mwanaakiolojia, mtu wa kuchimba na kuchunguza vitu walivyoacha wahenga. Ni mzaliwa wa huku huku, ila anafundisha chuo kikuu Dar es Salaam, na kila kiangazi hurudi na mahema, kamba na brashi zake. Mwalimu alimfundisha darasa la tano. Alipomwona amerudi na udaktari, alimwambia, "Mwanangu, hayo unayoyachimba ni ya kwetu. Usitupeleke tukayasome kwa Wazungu. Niandikie mimi." Na Josephina akaandika. Ndivyo ilivyoanza.

Makala ya kwanza kabisa ilikuwa ya bonde moja upande wa Kasekese, palipopatikana vyungu na makaburi ya zamani mno. Mwalimu, kwa furaha yake, akataja bonde, akataja mto, akataja hadi mti wa kupindia kushoto. Nyie mnaujua ugonjwa wetu. Tumeambiwa tangu utotoni kwamba Mjerumani alipokimbia vita alizika dhahabu, akaacha alama. Mtu akiona shimo la mraba, na vigingi, na kamba nyeupe, hatafuti maelezo mengine. Wiki haikuisha, watu wakaenda na majembe. Vyungu vikapondwa, mifupa ikatupwa pembeni, na dhahabu ya Mjerumani haikuonekana hata punje.

Josephina alikuja ofisini Ilembo na kipande cha chungu mkononi. Akakiweka juu ya meza, juu ya gazeti.

"Mwalimu, kuanzia leo hutaandika jina la mahali. Na wewe mwenyewe usiniulize. Nitakuambia kilichopatikana, sitakuambia kilipopatikana."

"Mhariri asiyejua habari yake imetoka wapi?"

"Ndiyo. Ukitaka safu iendelee."

Mwalimu alikitazama kile kipande, akaona aibu, na kwa aibu hiyo akakubali. Akakitia kwenye droo, na hakijatoka humo hadi leo.

Basi wakafanya kazi miaka tisa kwa sharti hilo. Kila Alhamisi saa kumi jioni, Mwalimu alipiga picha ukurasa wa pili, akamtumia Josephina kwa simu. Ukurasa wa pili peke yake, maana kurasa nyingine hazikumhusu. Kisha alimpigia, akamsomea makala yote kwa sauti, sentensi moja moja. Josephina alikuwa na majibu mawili tu. Sentensi ikiwa sawa alisema, "Pita." Ikiwa na kosa alisema, "Kata." Na waligombana, wacha we! Yeye anataka "huenda", Mwalimu hataki kusikia "huenda". Yapo yale makapi meusi mazito yanayobaki chuma kikishayeyushwa. Wahunzi huyaita mavi ya chuma. Mwalimu alikataa kuliweka neno hilo gazetini mwake. "Gazeti hili linasomwa na masista!" Walibishana Alhamisi mbili nzima. Likachapwa. Masista wakaandika barua ya kuomba picha yake.

Habari kubwa ya miaka yote ilikuwa ya kilima kimoja huko milima ya Mwese. Kwa kuwa jina halitajwi, Mwalimu aliandika "kilima fulani", na sisi wasomaji tukalifanya ndilo jina lake: Kilima Fulani. Tukamwita na Josephina Dokta Fulani, akacheka. Juu ya kilima hicho yalisimama matanuru matatu ya kuyeyushia chuma, ya udongo, marefu kumpita mtu mzima. Mvua za miaka mingi hazikuyaangusha.

Aliyemwonyesha Josephina ni Mzee Nathanael, mkulima wa kijiji cha chini ya kilima, mjukuu wa mhunzi wa mwisho. Akija Mpanda kuuza asali, hupitia Ilembo kumsalimia Mwalimu. Yeye ndiye aliyesimulia kwamba katika ukoo wao tanuru ni bibi harusi. Siku ya kuliwasha walilivika shanga, wakaliimbia nyimbo za harusi, na wahunzi walilala mbali na wake zao hadi chuma kitoke. "Ndiyo maana jina la mahali pake halisemwi ovyo," alisema. "Bibi harusi hatajwi na kila mpita njia. Mpaka siku ya kuozwa." Hakutaka malipo wala sifa. Aliomba kitu kimoja: siku Dokta atakapomaliza kazi na kilima kikipata ulinzi wa serikali, gazeti liandike jina la kilima na majina ya babu zake, waziwazi, ukurasa wa pili.

"Nitaandika," Mwalimu alimwahidi. "Nikiwa hai, nitaandika."

Sasa, upo upande mwingine wa moyo wa Mwalimu, nao lazima niuseme, la sivyo mtamhukumu bure. Alikuwa na dada, Specioza, aliyeolewa Mwese. Masika moja Specioza alishikwa na uchungu wa mtoto wa nne, damu ikawa haikomi. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Barabara ilikuwa tope na makorongo. Pikipiki ikakwama, wakambeba kwa machela ya kanga na miti, wakafika kwenye lami wamebeba maiti mbili. Tangu hapo hakuna mwezi ambao Miombo haikuuliza: Barabara ya Mwese lini? Viongozi walibadilika, wakaja wengine, wakamkuta anauliza lile lile. Tukasema huyu mzee amerogwa na barabara.

Na barabara ikaja! Haikuwa lami, ilikuwa ya kifusi iliyoshindiliwa, yenye madaraja na mitaro, lakini barabara ya kupita gari mwaka mzima. Ilikuwa mwezi wa nne. Mhandisi wa mkandarasi, kijana mstaarabu aitwaye Wilbert, alikuja mwenyewe ofisini na karatasi. Walihitaji kuchimba kifusi kwenye vilima vitano, na utaratibu unataka itangazwe: mwenye pingamizi aseme ndani ya siku kumi na nne.

"Mwalimu, barabara hii ni yako," Wilbert alisema. "Nimeona tangazo lake liwe kwako."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yote miwili, machozi yakamlenga. Alilipanga tangazo hilo mwenyewe, ukurasa wa tatu, katikati, akalizungushia mstari mnene. Majina ya vilima vitano aliyanakili moja moja.

Je, hakufikiria? Alifikiria, jamani. Kilima Fulani kiko Mwese, hilo alilijua. Wazo lilimjia pale pale, kalamu mkononi: ikiwa ni kimojawapo? Lakini Mwese ni vilima vitupu, vitano si kitu. Halafu kuuliza kulikatazwa. Akajiambia, Alhamisi nitamdokeza. Alhamisi ikafika. Josephina alikuwa na rundo la mitihani ya kusahihisha, akawa anasema "pita, pita, pita" bila hata kupumua, na Mwalimu hakutaka kumpotezea muda. Tena moyo wake ulikuwa umejaa barabara, na furaha nayo huziba masikio. Akamtumia ukurasa wa pili, kama kawaida. Siku kumi na nne zikapita, pingamizi halikuletwa.

Mwezi wa saba Josephina alirudi. Safari hii alifika Ilembo na gari la chuo, akapiga honi. "Mwalimu, vaa koti. Barabara imefunguliwa. Leo nakupeleka ukaione habari yako ya miaka tisa."

"Na sharti letu?"

"Sharti limezeeka. Ulinzi wa serikali nimeshauomba, barua zote ziko tayari. Twende."

Mwalimu alivaa koti lake la ualimu, lile la vifungo vya dhahabu, akakaa kiti cha mbele kama mkwe anayekwenda kupokelewa. Njia nzima alikuwa anahesabu madaraja. Hapa ndipo pikipiki ilipokwama, alisema. Hapa ndipo walipomshusha Specioza. Sasa gari lilipita hapo bila kutikisika, na mzee akawa anacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja.

Walipokaribia Mwese, Josephina alipunguza mwendo.

"Mbona unapunguza, Dokta? Kanyaga mafuta! Barabara si ndiyo hii?"

Josephina alisimamisha gari, akashuka, akachuchumaa katikati ya barabara kama anavyochuchumaa kazini. Akaokota kitu. Mwalimu naye akashuka. Mkononi mwa Josephina mlikuwa na jiwe jeusi, zito, lenye matundu madogo madogo na mng'ao. Picha yake Mwalimu alikuwa ameichapa mara nyingi.

"Mavi ya chuma," Mwalimu alisema.

Josephina alitembea mbele, macho chini. Akaokota jingine. Akaokota na kipande cha bomba la udongo lililoungua, lile ambalo wahunzi walipitishia upepo wa mivukuto. Barabara nzima, kila walipotazama, palikuwa na weusi katika udongo mwekundu, umeshindiliwa vizuri, umesawazishwa kwa greda.

"Mwalimu, kifusi hiki wamekitoa wapi?"

"Kwenye vilima vilivyotangazwa."

"Vilitangazwa wapi?"

"Kwangu. Ukurasa wa tatu."

"Unayakumbuka majina?"

Mwalimu hasahau alichokiandika kwa mkono wake. Alianza kuyataja, polepole, kama mtoto anayesoma orodha darasani. La kwanza. La pili. Alipotaja la tatu, Nsimbwe, Josephina aliinua mkono.

"Basi, Mwalimu. Inatosha."

Na hivyo ndivyo mhariri alivyolijua jina la kilima chake.

Walikwenda mpaka penyewe. Nsimbwe ilikuwa imekatwa nusu kama mkate, upande mmoja majani na miti, upande mwingine ukuta mwekundu ulio wazi. Juu kabisa, pale yaliposimama matanuru, palibaki doa la udongo ulioungua, upana wa mkeka. Katapila lilishaondoka, kazi imekwisha. Josephina alizunguka pale, akipiga picha za mahali pasipo na kitu.

Mzee Nathanael aliwaona kutoka shambani, akapanda kuja kuwasalimia. Alikuja na uso wa kawaida kabisa, na hilo ndilo lililomuumiza Mwalimu kuliko yote.

"Karibuni, karibuni. Mmechelewa, lakini karibuni."

"Mzee, walipokuja hukuwazuia?" Josephina aliuliza.

"Niliwazuia, mama! Nililala mbele ya lile dude lao, nikawaambia mtapita juu yangu. Yule kijana wao, Wilbert, mtu wa adabu, alinishika mkono akaniinua. Akasema, Mzee, hili lilitangazwa siku kumi na nne, hakuna aliyepinga. Akanitolea gazeti. Nikatazama, nikaona Miombo. Gazeti la Mwalimu. Jina la kilima limeandikwa waziwazi." Alimgeukia Mwalimu. "Wewe uliniahidi siku ya kuandikwa jina ndiyo siku ya kuozwa. Nikasema ahaa, hawa wawili wameshakubaliana. Wamemwoza kwa barabara, ili watu wetu wapone. Si haba. Nikasogea pembeni."

Mwalimu alimshika mkono.

"Sikujua," alisema. "Nathanael, ndugu yangu, sikujua. Nilinakili tu."

Mzee Nathanael alimtazama, halafu akamtazama Josephina, halafu akatazama lile doa jekundu. Alielewa. Alikaa chini, taratibu, mikono juu ya magoti.

"Kwa hiyo hakuozwa," alisema. "Ameibwa."

Wakiwa wamekaa hivyo, gari la kubeba wagonjwa lilipita chini likitokea kijijini, mbio, vumbi nyuma yake. "Ni Emelyne, binti wa jirani yangu," Mzee Nathanael alisema. "Uchungu umemshika tangu alfajiri, mtoto amekaa vibaya. Mchana huu huu watakuwa hospitali." Mwalimu alilifuata gari kwa macho hadi lilipopotea, likipita juu ya Nsimbwe, likimpeleka Emelyne. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, na koti lake la vifungo, mbele ya mwanafunzi wake. Mimi siwezi kusema alikuwa anamlilia nani, Specioza au bibi harusi. Nadhani hata yeye hajui.

Emelyne alijifungua salama, mtoto wa kike. Nalo niliseme, maana ni kweli.

Kurudi, Josephina alimshusha Mwalimu Ilembo, akageuza gari, akarudi Mwese kuokota barabarani kilichookoteka. Alhamisi ile Mwalimu hakupigiwa, na yeye hakupiga. Ijumaa tulinunua Miombo, tukakuta ukurasa wa pili mweupe. Hauna hata herufi. Tukadhani mashine imekufa. Ijumaa iliyofuata, mweupe. Ya tatu, mweupe. Watu wakaanza maneno: wamegombana, Dokta amepata gazeti kubwa la Dar, mzee ameishiwa. Wengine tulikwenda mpaka ofisini kumuuliza, akatutazama juu ya miwani, asitukemee. Mwalimu asipokukemea, ujue yuko pabaya. Wilbert naye alikwenda, akasikia habari yote, akatoka ameinamisha kichwa. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Mwalimu, aliyewafundisha watoto wa mji huu methali hiyo miaka thelathini, alikaa kwenye kiti chake akaifikiria kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

Alhamisi ya tano, saa kumi jioni, alipiga picha. Safari hii alipiga kurasa zote nne, akazituma. Halafu akapiga simu. Iliita sana. Alikuwa karibu kukata ilipopokelewa.

"Dokta, naomba nikusomee."

Upepo wa milimani ulisikika kwenye simu.

"Soma."

Mwalimu akasafisha koo. "Kilima Fulani kilikuwa na jina lake. Kiliitwa Nsimbwe."

"Pita."

"Juu yake yalisimama matanuru matatu, yaliyojengwa na wahunzi wa ukoo wa Mzee Nathanael." Akayasoma majina ya wahunzi wote saba, kama alivyotajiwa na Mzee Nathanael mwenyewe. Alikuwa amempigia simu akayahakiki mara mbili.

"Pita."

"Matanuru hayo hayapo tena. Yamo ndani ya barabara ya Mwese, na kila anayepita anayakanyaga. Tangazo la kukichimba kilima lilitolewa na gazeti hili. Aliyelichapa ni mimi, Valeriani, bila kuuliza."

Mwalimu alisubiri, kalamu nyekundu mkononi.

"Kata 'bila kuuliza'," Josephina alisema. "Weka: sikuuliza kwa sababu nilikatazwa, na aliyenikataza ni Josephina."

"Inakuwa ndefu, Dokta. Sentensi inachoka."

"Ichoke. Andika, Mwalimu."

Akaandika. Akaisoma tena yote tangu mwanzo.

"Pita," alisema Josephina.

Mwalimu alishusha pumzi, akavua miwani. Alitaka kusema asante, alitaka kusema nisamehe, na hakujua lipi litangulie. Simu ilikuwa bado haijakatwa.

"Upo, Mwalimu?"

"Nipo, mwanangu."

"Haya, nisomee na wa tatu."

"Wa tatu ni matangazo tu, Dokta."

"Najua. Nisomee wote."

Mwalimu alivaa miwani yake, akafunua ukurasa wa tatu, akaanza na mbuzi aliyepotea Ilembo.